Nusu Yake ya Jiwe

Hapa Bugembe wananiita afande, ingawa sijawahi kushika bunduki maishani. Kosa langu ni Kiswahili. Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, nikaendesha malori kwenye barabara hii mpaka magoti yakagoma, na lugha niliyokuja nayo ndiyo ileile ambayo wazee wa hapa walifokewa nayo na wanajeshi enzi zile za utawala wa bunduki. Nikimsalimu jirani, ananyoosha mgongo kwanza ndipo anajibu. Mke wangu alikuwa akiliona hilo anacheka mpaka anashika mbavu. Yeye alikuwa mtu wa Mbale, Mwislamu wa kuzaliwa, mimi nilisilimu kwa ajili yake, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu. Hasa lugha ya kubishana.

Subira hakuwa nayo kabisa. Nikifungua mdomo tu, ananimalizia sentensi, tena vibaya, halafu anaijibu. Mara ngapi nilimwambia, "Mama, niache nimalize." Hata hiyo aliimalizia.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya jiwe. Lilitoka kwao, kwenye miteremko juu ya Mbale, walipokuwa wakichimba shimo la choo: bonge la mviringo, ukubwa wa fenesi changa. Tukalileta Bugembe kuzuia mlango usijifunge. Siku moja nililitumia kugongea msumari, likapasuka katikati, na ndani mlikuwa na kitu. Kwenye nusu moja kilikuwa kimetuna, chenye mistari. Kwenye nusu ya pili palikuwa na shimo lake, sura ileile imeingia ndani. Mimi nikasema ni kokwa ya tunda la kale. Yeye akasema ni konokono. Kila mtu akachukua nusu yake, mimi yenye kitu, yeye yenye shimo, na tangu siku hiyo hatukupumzika. Majirani walidhani tunagombana. Sijawahi kuwa na raha kama ile.

Alipofariki tulimzika kwao. Dada yake akaisimika ile nusu yenye shimo kichwani pa kaburi iwe alama, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema mzee akitaka kuendelea kubishana, aje pale.

Nikarudi Bugembe na nusu yangu. Upweke nilikuwa nikiusikia watu wakiutaja, nikidhani ni ugonjwa wa wasio na kazi. Nilikuwa naanza kusema jambo jikoni, nanyamaza katikati kumpisha, halafu hakuna anayelipokea. Jambo lenyewe nalisahau. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nililiosha jiwe langu kwa sabuni na brashi ya waya mpaka linang'aa. Sikuwa na kitu kingine chake cha kuhudumia.

Mwaka huu nikasema basi, nataka kujua. Watoto hatukujaliwa, na nikifa hakuna atakayejali kama ni kokwa au konokono. Ubishi ule ulikuwa wetu sisi wawili, na mmoja tayari alikuwa ameshanyamaza.

Nalufenya, mtaa usio mbali na hapa, kuna mama mmoja aliyestaafu, zamani akifundisha habari za miamba chuoni. Nilimpelekea nusu yangu kwenye mfuko wa sukari. Aliilowesha maji, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaikazia lenzi muda mrefu. Kisha akanitazama mimi badala ya jiwe.

"Bwana, wewe nasugua hii?"

"Kila Ijumaa."

"Na nini?"

"Brashi ya waya."

Akaliweka chini taratibu. Aliniambia hiki ni kisukuku cha kweli, kitu kilichokuwa hai kikafunikwa na majivu mlima ule wa Mbale ulipokuwa bado unatema moto, chokaa ikakigandia pande zote kikawa bonge. Kama mistari inazunguka kuelekea mdomo, ni konokono. Kama inatoka ncha moja mpaka nyingine, ni kokwa. Lakini kwangu hapakuwa tena na mistari. Nilikuwa nimeisugua mpaka imekwisha.

Nikapitisha kidole pale palipokuwa na mistari. Miezi yote ile nilidhani ninalitunza.

"Hiyo ingine iko wapi?" akauliza. "Ile ya shimo?"

Nikamwambia iko kaburini kwa mke wangu.

"Usitoe," akasema. "Kanda unga ya ngano, kama ya chapati lakini gumu. Paka jiwe maji ya sabuni, finyilia unga ndani ya shimo, halafu toa pole pole. Itatoka na sura yake. Piga picha, tuma kwa mimi."

Nilifika Mbale na donge langu limefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu. Shemeji alilifunua akatikisa kichwa.

"Shemeji, sasa wewe naletea dada chapati?"

Nikamweleza. Alicheka kicheko kilekile cha kushika mbavu, cha familia, ikabidi nigeuke nitazame mlima. Akanipeleka mpaka kaburini, tukaomba dua, kisha akarudi nyumbani kupika akaniacha peke yangu.

Jiwe lilikuwa limeota ukungu wa kijani pembeni, hakuna aliyeligusa wala kulisugua. Nililipaka maji ya sabuni kwa kidole, nikaufinyilia unga ndani kwa dole gumba, nikangoja kidogo, nikauvuta. Ulitoka mzima. Kilichokuwa shimo kikawa kitu kiganjani mwangu: mistari inazunguka, inazunguka, inapanuka mpaka kwenye mdomo, na ukingo wa mdomo wenyewe umejikunja kidogo kwa nje. Hata mtoto angejua. Nilipiga picha nikaituma hata hivyo, maana mimi ni mbishi.

Simu ikalia upesi. "Iyo ni konokono, bwana," mama wa Nalufenya akasema. "Ya nchi kavu. Mdomo naonekana vizuri sana."

Nikamshukuru nikakata. Nilikuwa nimejiandaa kwa kushinda na kwa kushindwa, lakini sikuwa nimejiandaa kwa kumaliza. Nikakaa chini karibu na jiwe, konokono wa unga mkononi.

"Mama," nikasema, "umeshinda..."

Nikanyamaza nikamsubiri, kwa mazoea. Chini huko mjini pikipiki zilikuwa zinapita.

"Umeshinda," nikaanza tena. "Ni konokono, tangu siku ya kwanza ulisema ni konokono, na mimi nilikuwa nabisha kwa sababu napenda kukusikia ukinijibu."

Nilisema yote, mpaka neno la mwisho, na hakuna aliyenikatiza.