Ngazi ya Upande wa Pili

Baba yangu alifanya kazi ya reli tangu ujana wake mpaka macho yalipomkatalia. Alianza kibarua kwenye genge la kutengeneza njia pale Soga, akabeba begani mataruma ya kulazia reli, akaishia kuwa mnyapara wa genge hilo hilo. Mtoto wa jicho alipomwanza alimficha kila mtu, hata mama, akawa anaikagua njia kwa kugonga reli na nyundo na kusikiliza. Siku wakubwa wa reli walipomgundua walimshukuru, wakamrudisha nyumbani, shambani kwetu, mwendo mfupi kutoka stesheni.

Hakukubali kuwa mzigo. Alikwenda mwenyewe kisimani na msikitini, na fimbo yake aliitumia zaidi kufukuzia mbuzi kuliko kupapasia njia. Vijana wa genge walizoea kuja kumuuliza mambo ya kazi. Garimoshi likipita, aliinua kichwa kutoka kwenye sahani ya bada na kisamvu, akasema ni injini ipi na kama imebeba mzigo au inarudi tupu. Hakukosea. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake, na alikipenda kuliko kile cha unyapara alichopewa na Wazungu.

Miaka michache kabla ya uhuru ikaja injini ya dizeli. Haikuwa kubwa, ilivuta mabehewa ya kokoto kutoka Pugu kwenda upande wa Ruvu. Mama alinisimulia kwamba siku ya kwanza baba aliuliza kama kuna lori lililopotea njia likapanda reli. Watu walicheka, naye akacheka. Lakini nilipokwenda kuwaamkia mwisho wa mwezi, alinivuta kando, akanena kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama.

"Mwanangu, kuna kitu kinapita hapa kila siku na mimi sikijui. Nitengenezee nikishike."

Wakati huo nilikuwa fundi bati Kisarawe, karibu na soko. Nilitengeneza vibatari, karai, ndoo, na mifereji ya maji ya mvua. Mkono wangu ulisifiwa, ulimi wangu ulivumiliwa. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na mteja akinifundisha kazi nilimrudishia bati lake. Ombi la baba lilinifurahisha kupita kiasi, maana tangu nikimbie jembe hakuwahi kuniomba kitu. Nilitaka kumwonyesha kwamba ufundi wangu nao ni kazi ya kiume.

Pugu si mbali na Kisarawe, na dizeli ile ilikuwa inapumzishwa pale jioni. Nilishuka kwa miguu na uzi mrefu, nikaupima urefu wake na kupiga mafundo, kisha nikapima kimo. Niliporudi dukani nilikata debe la mafuta ya taa, nikalinyoosha, nikaamua hatua moja ya injini iwe upana wa vidole viwili vya kwangu. Nilikunja pua yake ndefu, nikasimamisha chumba cha dereva nyuma. Yale matundu ya kupitishia hewa ubavuni niliyachana moja moja kwa tindo. Ribiti, vile vichwa vya duara vinavyoshikilia mabati, nilizitokeza kwa kugonga msumari kutoka ndani. Nilikuwa nimezihesabu kule kule stesheni, safu kwa safu.

Nilijua ninamfanyia kazi mtu wa vidole. Macho hupita juu juu, vidole huingia kila tundu. Bomba la moshi nililifanya refu kwa mazoea ya magarimoshi ya zamani, nikaingiwa na shaka, nikarudi Pugu mara ya pili, nikalikuta fupi kama kikombe, nikaenda kulikata. Siku hiyo ndipo nilipoona pia kwamba magurudumu yanaunganishwa na mtaimbo mmoja, nikautengeneza kwa waya wa mwavuli, ukawa unazunguka kweli.

Mara ya tatu nilikwenda kuangalia upande wa pili. Kila nilipoikuta, injini ile ilikuwa imesimama ubavu wake mmoja ukiwa umebanwa na safu ya mabehewa mabovu, na ubavu huo sikuwa nimeuona hata mara moja. Mfagiaji wa stesheni, mtu mpole aliyekwisha kunizoea, aliniona ninachungulia.

"Fundi, upande ule si kama huu," akaniambia. "Subiri kesho asubuhi ikisogezwa, ujionee mwenyewe."

Nilimjibu kwamba nilikuja kuangalia injini, sikuja kusomeshwa na mwenye ufagio. Yule bwana akaendelea kufagia. Ukweli ni kwamba Idi ilikuwa inakaribia, nilikuwa na karai za watu sijazimaliza, na nilitaka kuingia Soga na ile injini mkononi siku ya sikukuu yenyewe, watu wote wakiwepo. Nikarudi dukani, nikaufanya upande wa pili uwe pacha wa ule wa kwanza. Ngazi ya kupandia, vipandio vitatu, katikati ya ubavu. Nikailehemu na kulala usingizi mzuri.

Baada ya sala ya Idi baba aliketi mkekani, akaipokea kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikwenda mbele, vikarudi, vikahesabu ribiti. Akauliza maji inaweka wapi. Nikamwambia haina maji. Akauliza wanachochea wapi moto. Nikamwambia hakuna kuchochea, inakunywa mafuta tu.

"Basi hii ni mwali," akasema, "inalishwa ndani kwa ndani." Watu wakacheka sana, naye akafurahi kuwachekesha.

Alipofika kwenye ngazi alizigusa zote mbili kwa pamoja, mkono huku na mkono huku. Akatamka polepole, kama anayehifadhi aya, kwamba ngazi iko katikati, pande zote mbili. Aliyasema hayo kwa namna ya kuniuliza. Nami nikajibu, "Ndiyo, baba. Pande zote mbili." Nimesema uongo mwingi maishani mwangu kuhusu bei na kuhusu siku ya kumaliza kazi, lakini huo ndio ninaoujutia.

Kwa miezi kadhaa cheo chake kilimrudia. Aliwaeleza dizeli watu wenye macho yao mazima, nao wakamsikiliza. Mama alilalamika, kwa kutania, kwamba mume wake ameoa mke wa bati.

Kisha ikatokea siku moja, nami nikiwa nimekwenda kuwatembelea, treni ya kokoto ikasimama Soga kungojea njia. Baba aliisikia ikinguruma mahali pamoja, akachukua fimbo, nikamfuata. Genge lote lilikuwepo. Dereva alikuwa amesikia habari zake, akamwamkia shikamoo, akamkaribisha apande aone chumba chake. Kijana mmoja akataka kumshika. Baba akamwambia amwache, anaijua.

Ubavu uliotuelekea siku hiyo ulikuwa ule wa pili.

Alianzia mbele. Aliweka kiganja kwenye bati la moto akawa anatembea na kutaja: ndoano hii, ribiti hizi safu mbili, sasa yanakuja matundu ya hewa. Yakaja. Watu walimpisha kwa heshima. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona kabla yake. Pale katikati hapakuwa na ngazi. Palikuwa na sanduku la chuma lililotokeza, la betri, na ngazi ilikuwa nyuma kabisa, pembeni mwa chumba cha dereva. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema "Baba, ngoja." Lakini ningalisema, wangalijua wote kwamba fundi alikisia. Nikanyamaza.

Aliinua mguu kwa uhakika kabisa. Goti na ugoko vikagonga chuma, mkono ukakosa pa kushika, akaanguka chali juu ya kokoto. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Tulimwinua, kiganja kinatoka damu.

"Ngazi iko hapa," akasema.

"Hapana, mzee," dereva akamjibu kwa upole. "Upande huu iko nyuma."

Baba akalipapasa lile sanduku, akalipapasa tena. Kisha akawageukia watu. "Basi nitakuwa nimesahau. Mwanangu alinionyesha vizuri."

Nyumbani, mama akiwa bado anamsafisha kidonda, nikaitia ile injini ya bati kikapuni, nikasema gurudumu limelegea, nitaitengeneza. Nilijua akimaliza kuoshwa ataiulizia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliirefusha mpaka Kisarawe.

Kesho yake asubuhi nikashuka Pugu, nikauona ubavu wa pili. Haikunichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Mfagiaji alinisalimu vizuri, hakunikumbusha kitu, na wema wake ulinichoma kuliko matusi. Nikayeyusha lehemu, nikaitoa ngazi, nikaitia nyuma. Nikaunda sanduku la betri. Mahali palipokuwa na ngazi nilipiga tupa, nikasugua kwa mchanga na majivu mpaka pakawa laini. Sijapata kufanya kazi safi kama ile, kabla wala baada. Nilikusudia kumwambia. Katika treni ya kurudi Soga niliyapanga maneno, machache tu: baba, upande ule sikuuona, nilikisia.

Alipoipokea alikwenda moja kwa moja kwenye ubavu ule. Akalikuta sanduku. Akaikuta ngazi nyuma. Akarudi katikati, kidole kimoja kikatafuta alama, kovu, chochote, na hakikupata, kwa sababu mimi ni fundi mzuri.

"Kumbe ilikuwa hivi siku zote," akasema. Akaiweka mkekani. "Sikujua kama akili huondoka kimya kimya namna hii. Niliapa mbele ya watu kwamba iko katikati."

Aliishi miaka minne baada ya hapo. Vijana wa genge wakija kumuuliza jambo, aliwaambia waende kwa wenye kumbukumbu. Mama akawa anamwongoza hata chooni. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa amekumbuka sawasawa kile nilichokiweka chini ya kidole chake, naye akaenda kaburini akiamini ameharibika akili. Mimi sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yeye, na kusahau kwa kweli nakujua.

Siku ile pale mkekani mama alikuwa ananitazama. Yale maneno machache nilikuwa nayo mdomoni, tayari, nimeyapanga. Baba alikuwa amenigeuzia uso, anangojea nimjibu.

Nikamwambia, "Ni umri tu, baba."