Aliyeujibia Mti

Mume wangu Ngarizemo ana sauti nene, na sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Akiwaita ng'ombe asubuhi, hata wa jirani hugeuza shingo. Kazi yake ni kutunza mashine ya kisima hapa kwetu, nje ya mji wa Okakarara, na mashine ikigoma kijiji kizima humtazama yeye. Kusema hapana hajui. Ukimwomba nyundo atakupa na misumari. Watu wanamsifu kwa upole, nami huwaambia, njooni mkae naye nyumba moja ndipo mjue upole ni kitu gani. Akiwa na neno gumu la kusema, atalizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Aliyemlea ni shangazi yake, Mekupi, kwa sababu mama yake alifariki mapema. Kati ya nyumba yetu na ya shangazi lipo zizi la ndama tu. Shangazi alikuwa na mtoto mmoja, Rukee, aliyeondoka kwenda pwani, Walvis Bay, kufanya kazi kwenye meli za uvuvi. Sisi Waherero hatuli samaki, kwa hiyo mama yake alimtania sana siku anafunga mzigo. "Mtoto wa Mherero kukimbilia samaki," alimwambia, "ng'ombe watakucheka mpaka maziwa yawakauke." Lakini alipokwisha kuondoka, kila jioni alimtengea kibuyu chake cha maziwa ya mgando, eti huenda akatokea usiku. Asubuhi alimpa Ngarizemo. "Kunywa wewe, mwanangu, mwenzio hakufika." Naye anakunywa.

Sasa, kwenye njia ya kisimani umesimama mti wetu, omumborombonga, mkubwa, gome lake la kijivu limepasukapasuka. Ni mti mgumu huo. Ukifa unabaki umesimama vilevile miaka na miaka, na mgeni hatajua kama umekufa. Watu wa kwanza walitoka ndani ya mti wa namna hiyo, mume na mke, na ng'ombe nyuma yao. Kulikuwa na giza. Mtu akawasha moto, pundamilia na twiga wakashtuka wakakimbilia porini, na huko wako mpaka leo. Ng'ombe wakabaki motoni pamoja na watu. Ndiyo maana huwezi kuupita kama unavyopita nguzo ya ua. Unachuma nyasi, unaziweka shinani, unasema, "Babu, shikamoo." Kisha unajibu mwenyewe kwa niaba ya mti, kwa sauti nene: "Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi? Unakwenda wapi?" Unaeleza. Halafu mti, kwa mdomo wako huohuo, unakwambia, "Pita."

Watoto hudhani ni mchezo. Sauti ni yako, ndiyo, lakini neno si lako. Neno lipo tangu zamani, wewe unalipitisha tu.

Shangazi alijijibia mwenyewe miaka yote. Kisha meno yakamtoka, koo likamkauka, sauti nene ikawa haipatikani tena. Macho nayo yakaingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, akawa anaona vivuli tu. Basi Ngarizemo akawa anamshika mkono mpaka mtini, shangazi anasalimu, yeye anajibu. Nilipenda kuwasikiliza nikiwa nyuma na ndoo zangu.

Mwaka ule, mvua zilipokaribia, Ngarizemo alikwenda mjini kununua mkanda wa mashine. Huko akakutana na kijana aliyefanya kazi meli moja na Rukee, ambaye alikuwa anatutafuta. Akamwambia kwamba Rukee alichukuliwa na wimbi, na mwili haukuonekana. Akampa koti la kazini la Rukee. "Wewe ndiye ndugu," akamwambia. "Utampelekea mama habari."

Kwetu habari ya kifo ina mwenyewe. Mtoto wa kaka anamkalisha mama aliyefiwa chini asubuhi, anamwambia, watu wanakusanyika wanalia. Ngarizemo akarudi na mkanda wa mashine, akala, akalala. Sikujua kitu. Koti alikuwa amelificha kwenye kibanda cha mashine, nyuma ya madebe ya oili.

Kesho yake akamchukua shangazi kwenda mtini, akijiapiza kwamba atamwambia njiani. Wakafika mtini hajasema. Shangazi akaweka nyasi, akasalimu, akajibiwa. Halafu akauliza swali ambalo hajawahi kuuliza: "Babu, mwanangu Rukee yuko njiani?"

Na huyu mume wangu, kwa ile sauti yake, akajibu, "Yuko njiani. Mngoje nyumbani."

Shangazi alirudi anacheka peke yake. Tangu siku hiyo hakulala nje ya nyumba yake, hakwenda kanisani, wala harusini kwa mpwa wake. "Nimeambiwa nimngoje nyumbani," basi imekwisha. Mvua zikanyesha, zikaisha. Kibuyu kila jioni, na kila asubuhi Ngarizemo anakunywa amefumba macho. Akaacha kuwaita ng'ombe, akawa anawapigia mbinja. Nikadhani koo linamuuma, nikamchemshia dawa.

Ndipo ikaja habari kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali ya mjini, na lori litapita kuwachukua wagonjwa. Shangazi akakataa. Nilimbembeleza nikachoka.

"Akija akute mlango umefungwa?" aliniuliza. "Huyo mtoto alivyo na haraka, atarudi hukohuko kwa samaki wake."

"Shangazi, utapofuka."

"Nitamjua kwa kumpapasa."

Lori lilikuwa lipite kesho yake. Jioni ile nikaenda kwenye kibanda cha mashine kutafuta faneli ya mafuta ya taa, nikavuta debe, nikaona koti la manjano, zito, la mpira. Hapa kwetu mvua ni ya kuombewa, nani ananunua koti la namna ile? Ngarizemo akaingia akanikuta nimelishika.

"Hili la nani?"

"La Rukee."

"Na Rukee yuko wapi?"

Aliitazama mashine. "Alikufa, Uripoye. Kabla ya mvua."

Nilikaa juu ya debe. Akanieleza yote, ya mjini na ya mtini. Nilimsikiliza, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawasha.

"Na maziwa yake unakunywa?"

"Ananipa. Nitasemaje?"

"Wewe siku ile ya moto ungekimbia na pundamilia," nikamwambia.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Naona haya kula," akasema. "Naona haya hata kuwaita ng'ombe, maana ni sauti ileile. Kila nikitaka kumwambia nauona uso wake alivyofurahi." Kisha akaleta wazo lake la kijinga. "Nitampeleka mtini. Nitajibu tena, nimwambie aende hospitali. Macho kwanza. Hayo mengine baadaye."

"Uongo wa pili uufukie wa kwanza, siyo? Mficha maradhi kifo humuumbua, Ngarizemo. Kesho utamwambia. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Asubuhi shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda mtini. Nadhani nilikuwa nimemsumbua vya kutosha. "Haya, tukamwulize Babu," akasema. "Akisema niende, nitaenda." Tukaenda watatu. Ngarizemo alibeba koti chini ya kwapa, nami nilitembea nyuma yake asije akageuza njia.

Shangazi akaweka nyasi. "Babu, shikamoo."

Ngarizemo akahamishia koti kwapa la pili.

"Babu amelala leo?" shangazi akasema, akatabasamu.

Ngarizemo akafungua mdomo. Ile sauti ikaanza, "Marahaba, mwa...", ikakatika. Akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shangazi, ni mimi. Ni mimi Ngarizemo."

"Najua ni wewe. Kwani siku nyingine alikuwa nani? Jibu, lori lisitupite."

"Siku ile sikupitisha neno. Nililitunga. Rukee alikufa, shangazi. Bahari ilimchukua. Nami nilikuwa nimekwisha kujua."

Nilimwona shangazi akitafuta kitu cha kushika. Ngarizemo akampa koti. Alilipapasa mabega, akapapasa mikono, akalileta puani.

"Linanuka samaki," akasema, akalikumbatia. "Tangu kabla ya mvua."

"Ndiyo, shangazi."

"Na kila asubuhi nilikupa maziwa yake."

"Ndiyo."

"Ukanywa."

"Nilikunywa."

Nilitamani amtukane, ampige hata na fimbo. Hakufanya hivyo. Alisema polepole, "Mwanangu amekaa mvua nzima bila kuliliwa, kwa sababu wewe uliona vibaya kunihuzunisha."

Lori likapita tukiwa bado pale. Mtu anayeanza matanga haondoki, kwa hiyo hakuna aliyelisimamisha. Watu walikuja kutoka kila upande, wanawake tukavaa nyeusi, tukalia juma zima. Shangazi alimtaka Ngarizemo aseme habari upya mbele ya wote, na siku aliyoipata aitaje. Akaitaja. Wajomba wakamtazama. Kila aliyefika akaambiwa, na wengi walitoka nje kuvuta tumbaku ili wasikae karibu naye. Mimi nilikaa naye. Nilikuwa na hasira naye, lakini nilikaa.

Madaktari walirudi baridi ilipokwisha. Shangazi akaenda. Jicho la kulia likasafishwa likaona. La kushoto walisema limekwisha kuharibika, angewahi lingepona. Ngarizemo ndiye aliyekuwa amesimama karibu na kitanda daktari alipoyasema hayo, na shangazi, bandeji ikiwa imetoka, alimtazama kwa lile moja.

"Umezeeka," akamwambia.

Tuliporudi tulipita mtini. Shangazi akachuma nyasi mwenyewe, akaziweka, akasalimu, akajijibia kwa kile kisauti chake kilichokauka, na wala hakuona aibu nacho. Akapita. Nami nikasalimu, nikajijibia, nikapita. Ngarizemo akaweka nyasi zake. "Babu, shikamoo," akasema, akanyamaza. Alikuwa ameniambia tangu siku za matanga kwamba mdomo wake haufai tena kujibia mti. Akasimama pale kichwa wazi, kofia mkononi, mtu mzima anangoja.

Ningeweza kumjibia. Ni mume wangu, na moyo uliniuma. Lakini ruhusa ile haikuwa yangu kutoa, nikamtazama shangazi.

Shangazi alikuwa ametangulia kuelekea birikani, ambako ng'ombe walikwisha kujazana na mashine imezimwa. Alisimama bila kugeuka.

"Unangoja nini?" akasema. "Ng'ombe wana kiu."

Ngarizemo akavaa kofia akatufuata, akaenda kuwasha mashine. Shangazi alimwambia tu kwamba ng'ombe wana kiu. "Pita" hakumwambia, na mpaka leo hajamwambia.