Maksai Aliyeitwa Devili

Nakumbuka asubuhi moja ya kulima shamba la kijiji, pale kwetu Nyarero, watu wote wakimtazama maksai wa mama yangu amelala chini na nira shingoni, anacheua, kana kwamba siasa ya kujitegemea haimhusu.

Mwanangu, kaa vizuri. Mimi si msafiri. Hata Isebania ya Kenya, hapo tu ng'ambo ya mpaka wetu wa Sirari, nimeichungulia mara chache nikawahi kurudi kwenye ugali wangu. Hadithi zangu zote zilitokea karibu na mlango wa nyumba. Hii ndiyo ninayojivunia kuliko zote, ingawa aliyeng'ara ndani yake siyo mimi.

Wakati ule nilikuwa nimetoka sekondari, Kiingereza bado kibichi mdomoni. Mama yangu, Bhoke, alikuwa mjane mwenye maksai wawili. Mmoja mzee na mpole, tulimwita Sirari kwa sababu alinunuliwa mnadani huko. Wa pili tulimlea wenyewe tangu ndama, na utundu wake ulikuwa wa kutungiwa wimbo: alikata kamba, alikula mtama ulioanikwa, siku moja akapita mbele ya wageni na kanga ya mama mdomoni. Mimi, ili majirani wajue kwamba ada ya shule haikupotea, nikamwita Devil. Ulimi wa mama ukaongeza irabu yake mwishoni, akawa Devili. Kila jioni mama alimpa chumvi kiganjani akimwimbia jina hilo. Alipokua akafundishwa plau kwa jina hilo hilo. Ukitamka "Devili!" kwa sauti kubwa, anavuta. Usipotamka, anasubiri.

Sasa, katekista wetu, Mwalimu Marwa, akaambiwa na madereva wa Sirari maana ya neno lile. Alifika kwetu jasho likimtoka.

"Mura, kijana wewe, umempa mnyama wa mama yako jina la Shetani?"

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, maana adabu hununua muda. "Waingereza neno hilo wanalitumia kama sisi tunavyotumia chumvi. Wakimwonea mtu huruma, wanamwita devil maskini. Akipata bahati, ni devil mwenye bahati. Mtoto mtundu ni devil mdogo. Kazi ikiwa ngumu, hiyo ni kazi ya devil. Mkimteta mtu na ghafla akabisha hodi, wanasema umemtaja devil, huyo kafika. Hata anayebisha ili tu mazungumzo yanoge, wanamwita wakili wa devil."

"Kwa hiyo kwao hapumziki?"

"Hapumziki, Mwalimu."

"Na kanisani? Huko wanamwitaje yule adui wa Mungu?"

Nikaangalia vidole vya miguu yangu. "Devil huyo huyo."

Mama alikuwa anapepeta mtama pembeni. Hakuinua hata kichwa. "Mimi nimemwita hivyo tangu ndama, nikimpa chumvi. Kama ni tusi, mbona huwa anakuja?"

Mwalimu Marwa hakucheka. Akasema mnyama mwenye jina hilo hataingia shamba la kijiji. Na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshatangaza: wageni wa wilaya wanakuja, na maksai asiyelima ataingia sufuriani. Unaona hatari, mwanangu? Bila Devili, Sirari peke yake havuti plau. Mama angerudi kwenye jembe la mkono, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kumsema.

Mama alitaka nisimame mkutanoni nieleze. Mimi mwenye Kiingereza, nikaufyata. Jioni ile nikatangaza kwamba ng'ombe amepata jina jipya: Baraka. Katekista akafurahi, mwenyekiti akafurahi. Ng'ombe hakuulizwa.

Ndiyo maana asubuhi ile nilishika plau nikaita, "Baraka! Baraka, twende!" Devili hakusogea. Sirari akavuta peke yake, nira ikapinda. Nikapiga mjeledi. Devili akakunja magoti, akalala. Kijana mmoja akapaza sauti, "Baraka ameshuka!" Watu wakaangua kicheko. Nilijua dawa iko kwenye ulimi wangu, lakini Mwalimu Marwa alikuwa amesimama pale na rozari yake, na ulimi ukawa mzito kuliko nira.

"Basi," mwenyekiti akasema. "Mfungueni. Kisu kipo."

Hapo mama akatoka katikati ya wanawake. Akanipita kama anavyopita kisiki. Akashika kamba, akainamia sikio la yule mnyama, kisha akainuka na kupaza sauti iliyofika mtoni:

"Devili! Devili wangu! Twende, baba!"

Ng'ombe akainuka. Mwanangu, aliinuka kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye matokeo. Plau ikazama, udongo mweusi ukapinduka, mimi nyuma nakimbizwa na mpini badala ya kuuongoza. Tulikata shamba kutoka mwisho hadi mwisho, tukageuka, tukakata tena. Wanawake wakapiga vigelegele, na kabla jua halijawa kali shamba zima lilikuwa linaita, "Devili! Devili!" Mwenyekiti alirudisha kisu kwenye ala mwenyewe. Wageni walikula kuku.

Nikimfungua nira, mama aliniambia polepole, "Ulimpa jina kwa kujidai, ukamnyang'anya kwa woga. Yeye alilipokea kwa upendo. Kati yenu wawili, nani kasoma?"



Mvua zilipokaribia, Mwalimu Marwa alikuja kuazima maksai alime bustani ya kanisa. Alianza kwa kunong'ona, "Devili... Devili..." Yule mnyama akamwangalia tu. Mwishowe mtu wa Mungu akavua kofia, akavuta pumzi, akaliita jina hilo kwa sauti ya kengele ya Jumapili. Bustani ikalimika, na mahindi ya mwaka ule yalikuwa ya kupigiwa mfano.

Basi sikia, mwanangu. Ulimi hauna mfupa, hivyo neno hutembea na roho ya anayelitamka. Laana inaweza kuvaa jina la Baraka, na pendo likakaa ndani ya Devili. Usiliogope neno kabla hujajua limetoka moyo gani, wala usilitupie watu ili uonekane msomi. Ukishampa mtu au mnyama jina akaliitikia, simama nalo mbele ya watu, hasa siku kisu kinaponolewa. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Nawe usielemewe na ulichokilea mwenyewe.

Mungu akupe sauti siku ya kuhitajika sauti. Akupe nira inayokutosha na mwenzako wa kuvuta naye. Na popote utakapokwama, usikose mtu wa kukuita kwa jina ulilopewa pamoja na chumvi, nawe uinuke.