Tumbo Limeamkaje

Binti yangu alipoanza darasa la kwanza, tumbo lake lilikuwa maarufu mtaani kwetu Kasingirima kuliko yeye mwenyewe. Lilimuuma kila asubuhi, kuzunguka kitovu, na likipoa shule ilikuwa imeshampita. Tulimpima minyoo, tukampima tena. Hana.

Wanawake waliotoka Kibirizi na ndoo za dagaa walisimama uani kwa mama yangu, wakaamkiana, kisha wakamgeukia mtoto: "Na tumbo limeamkaje?" Naye alilishika, akalisikiliza, akajibu kwa uaminifu: "Linauma."

Mwalimu alipoonya kwamba mtoto atarudia darasa, nikampeleka kwa daktari, kijana aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine. Alimbonyeza, akampima uzito na urefu, akauliza habari za choo kwa utulivu wa mtu anayeuliza njia.

"Hadanganyi, maumivu ni ya kweli," alisema. "Ila sioni ugonjwa tumboni. Mishipa yake ya fahamu inasikia kila kitu kwa sauti kubwa, na mkimuuliza mnaiongeza sauti hiyo. Aende shule hata likiuma. Akipungua uzito, akitapikatapika au mkiona damu chooni, mrudi haraka. Vinginevyo, msimuulize."

Mama yangu alilipokea agizo hilo kama tusi. Kwetu mgonjwa asiyeulizwa hali ni mgonjwa mwenye maadui.

"Nimpite mke mwenzangu kama kisiki?" aliniuliza, akimtazama mjukuu wake.

"Muulize kitu kingine, mama," nilimwambia.

"Kipi?"

Alifikiri hadi chai ikapoa. Kesho yake akamwambia mjukuu wake: "Mke mwenzangu, kuku wangu wameamkaje?" Mtoto akaenda bandani, akarudi na taarifa ndefu. Wanawake wa dagaa, walioonywa mlangoni kwa Kiha, waliingia na nyuso za watu wanaoficha msiba, nao wakaulizia kuku. Kuku wale hawakuwahi kujuliwa hali maishani mwao.

Tumbo halikuacha kuuma. Tulimvisha sare, akaondoka amelishika. Nilibaki nikisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Mchana alirudi na vumbi hadi magotini. Hatukumuuliza. Mama yangu aliifunga khanga yake, akaifungua, akaifunga tena. Mtoto alikula ugali mpaka akamaliza, ndipo akasema mwenyewe:

"Liliuma kwenye hesabu. Kwenye kuruka kamba likaacha."

Kisha akauliza kuku wameshindaje.