Kamanda Asiye na Mtu Nyuma Yake

Mwanangu, iko alasiri moja ambayo kichwa changu kimekataa kuisahau, ingawa siku hizi kinasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa msichana, nimevaa leso ya sare ya chama chetu kwa mara ya kwanza, na nilimwona Jenerali wangu akivua nishani zake mbele ya watu. Kwa miaka mingi sikumhadithia mtu siku hiyo. Aliyeifukua ni mjukuu wangu Twaiba, yeye na gemu lake la nyota, kwa hiyo itabidi nianzie kwake.

Twaiba amesoma kompyuta Mombasa, na sasa yuko hapa Amu, yaani Lamu, nyumbani kwangu, katika chumba cha juu, anatengeneza mchezo. Usiniulize mengi. Nilichoelewa ni kwamba kuna watu ambao jua lao linazimika, nao wanahama na merikebu zinazoruka, wakitafuta nyota nyingine ya kuishi, na njiani wanapigwa vita. Wanaongozwa na kamanda. Kamanda huyo ndiye aliyekuwa akimkosesha mjukuu wangu raha na, la kuniudhi zaidi, kumfanya aache pilau yangu ipoe kwenye sahani.

Siku moja baada ya sala ya alasiri alishuka na laptopu yake, akaketi kando yangu ukumbini.

"Bibi, hebu mtazame huyu. Nataka awe askari wa heshima, mtu ambaye mchezaji atampenda. Kila ninayemwonyesha ananiambia ni mzuri lakini hana uhai."

Nikavaa miwani. Niliona jitu refu lenye kidevu kipana na vazi la chuma, kifua kimejaa nishani hadi nikajiuliza akitaka kulala anaanza kuzivua saa ngapi. Nyuma yake kulikuwa na giza na nyota tu.

"Ana mke?" nikauliza.

"Bibi!"

"Nauliza tu. Nani anamfulia?"

Akacheka bila kutaka, kisha akaanza kunihesabia sifa za mtu wake. Hadanganyi. Haui mateka. Haogopi kufa. Anakula kiapo, na kiapo chake havunji.

"Mashallah," nikasema. "Na watu wake wako wapi?"

Twaiba akalitazama lile giza nyuma ya kamanda wake. "Watu wake alikuwa awachore Rahma."

Rahma ni shoga yake wa Faza, walisoma pamoja. Ni msichana wa kicheko kikubwa na mkono wa ajabu wa kuchora. Amekula katika nyumba hii mara nyingi, nami nampenda. Askari wote wa gemu, kila mmoja na sura yake, walikuwa ndani ya kompyuta ya Rahma. Siku moja alipanda boti kuja huku, bahari imechafuka, maji yakaingia kwenye mkoba na kompyuta ikafa na sura zote ndani yake. Nakala hakuwa nayo mahali pengine. Nao walikuwa karibu kwenda Mombasa kulionyesha gemu hilo kwa watu ambao huenda wangewasaidia kulimaliza. Kwa hasira, Twaiba aliandika kwenye kundi lao la simu, mbele ya wenzao wote, kwamba Rahma ndiye aliyewaangusha. Tangu siku hiyo Rahma hapokei simu wala hajibu ujumbe.

"Lakini Bibi, si ni kweli? Si ni yeye?"

"Sijasema si kweli," nikamjibu. "Zima hicho chombo, nikuhadithie."

Enzi zetu, mwanangu, sisi wanawake wa Amu tulikuwa na majeshi. Usicheke. Waliotutangulia waliwaona askari wa Wazungu wakipita na paredi zao, wakavipenda vile vyeo, wakavichukua wakavitia ngomani. Chama chetu cha mtaa wa Mkomani kiliitwa Kilua, kwa jina la lile ua linukialo, na kilikuwa na Jenerali, makapteni na masajini, wote wanawake. Silaha zetu zilikuwa nyimbo, na pembe za nyati tulizozigonga kwa vijiti. Wapinzani wetu walikuwa Marijani, wa mtaa wa Langoni. Vita vilipiganwa harusini: wao wanaimba la kutuchoma, sisi tunawajibu, na watu waliojaa njiani ndio wanaoamua nani kashindwa. Wimbo wa kujibu ulitungwa kwa siri, milango imefungwa. Ukivuja kabla ya siku yake, wenzako wanauandalia jibu mapema, nanyi mnabaki kutazamana.

Jenerali wetu alikuwa Bi Mwanaesha, mjane mfupi aliyeshona kofia kwa riziki yake na kusema kwa sauti ya chini mpaka uinamishe kichwa ndipo umsikie. Nishani zake alizikata mwenyewe kutoka bati la mkebe wa chai, akazisugua kwa ndimu na majivu hadi zikang'aa. Nilimpenda mno. Nilikuwa nikitembea nyuma yake nikijitahidi kukanyaga anavyokanyaga yeye, na mama yangu akinicheka.

Basi ikaja harusi kubwa. Tulipoanza kuimba wimbo wetu mpya tulioulinda kwa hofu yote ile, Marijani wakaangua kicheko. Hatujamaliza hata ubeti wa kwanza, wao wakatujibu neno kwa neno, na jibu lenyewe tamu. Watu wakashangilia. Hata wauza kahawa walitucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na leso yangu mpya pia.

Kesho yake alasiri tulikusanyika nyumbani kwa Jenerali. Desturi ilikuwa kwamba walioshindwa huwapelekea washindi halua na kahawa. Na kama wameshindwa kwa sababu wimbo ulivuja, basi aliyeuvujisha hubeba sinia kichwani, hana ukanda wala pembe, akapita njia yote hadi mtaa wa pili na kuwapakulia mwenyewe huku wakimwimba. Jina lake likishaingia kwenye nyimbo halitoki tena. Wajukuu zake watakuja kulisikia.

Mimi niliketi kando ya shoga yangu Khadija. Mkono wake nilioushika ulikuwa baridi. Asubuhi yake alikuwa amenieleza yote akilia. Dada yake aliolewa Langoni. Khadija alikwenda kumwamkia, akamkuta mtoto mchanga analia hanyamazi, akampakata. Wimbo wetu ulikuwa umemganda kichwani, akambembeleza nao mpaka akalala. Alisahau kwamba nyumba za huko zimegusana kuta, na kwamba jirani wa juu ana dirisha.

"Sikumwimbia mtu," alikuwa akirudia. "Nalimwimbia mtoto."

Na Khadija, mwanangu, alikuwa ameposwa. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa kusikiliza sana nyimbo za watu. Jina lake lingeimbwa Langoni siku ile, posa ingerudishwa kabla ya Ijumaa.

Kapteni wetu akasimama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo. "Jenerali, twamyua aliyetuuza. Mwambie atukue sinia, twende."

Habari za dirisha lile zilikuwa zimeshafika Mkomani, na macho yote yakamgeukia Khadija, aliyetakiwa kuibeba. Yeye alikuwa anatazama mkeka.

Bi Mwanaesha akainuka taratibu. "Wimbo nalipewa mimi niuweke," akasema. "Umepoteya mkononi mwangu. Sinia ni yangu."

"Lakini Jenerali, si wewe!"

"Mimi ni nani wenu?"

"Jenerali."

"Basi ni mimi."

Akaanza kuvua nishani zake moja moja, akaziweka juu ya mkeka. Akafungua ukanda wake mwekundu, akaukunja vizuri, akauweka pale pale. Kwenye kitambaa cha kifuani yalibaki matundu madogo ya pini, ndiyo niliyokuwa nikiyatazama kwa sababu usoni sikuweza kumtazama. Kisha akainama, akajitwika sinia, akatoka.

Alitoka peke yake. Sisi tulibaki mlangoni tumesimama, jeshi zima, hatujui la kufanya na mikono yetu. Tulimwona akishuka kichochoro, mfupi vile, sinia kubwa kumshinda, na watu wakitoka vibarazani kutazama. Wa kwanza kuondoka alikuwa Khadija. Alinyakua buli la kahawa akakimbia mpaka akamfikia, akaanza kutembea nyuma yake huku machozi yanamtoka. Mimi nikachukua vikombe. Nikasikia nyayo nyuma yangu, nikageuka: walikuwa wanakuja wote, hata Kapteni, kanuna lakini yumo. Hakuna aliyetuamuru.

Langoni Marijani walikuwa wameketi tayari na nyimbo zao. Walitarajia msichana mmoja wa kuchezewa. Walichokiona ni Jenerali asiye na nishani hata moja, kabeba sinia, na wanawake wake wote nyuma yake wamenyamaza. Jenerali wao, mwanamke wa maneno makali asiyewahi kukosa la kusema, aliinuka. Wakainuka wote. Akaipokea sinia kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibu, Bi," ndilo neno pekee alilolisema.

Tukanywa kahawa pamoja. Halua yenyewe, kusema kweli, ilikuwa na iliki nyingi mno. Lakini siku ile haikutungiwa wimbo, na hakuna jina lililotajwa, si siku ile wala baadaye.

Nilipofika hapo nikamuuliza Twaiba, "Khadija unamjua?"

"Simjui, Bibi. Nitamjulia wapi?"

"Unamjua. Ni bibi yako wa upande wa pili, uliyezoea kumwita Bibi tu: aliolewa na yule yule mposaji wake, akamzaa mama yako, na mama yako akaolewa na mwanangu. Alikufa wewe ungali mdogo. Na unaukumbuka wimbo aliokuwa akikulaza nao?"

Mtoto wa watu akafungua kinywa, akaimba kwa sauti ndogo, kama anayejaribu kama bado anaujua: "Kilua kimechanua, mwenye chuki na anune."

"Ndio huo," nikamwambia. "Ndio uliovuja."

Alilia, nami nililia. Nilimlilia Khadija wangu, na Bi Mwanaesha, na pia nililia kwa furaha kwamba wimbo wa kugombana ulikuja kuwa wa kubembelezea watoto. Tulipomaliza kujifuta, Twaiba akasema akiwa ameinama, "Bibi, siku ile ni mimi niliyemwambia Rahma aje. Aliniambia bahari imechafuka. Nikamwambia asiniletee visingizio. Na suala la nakala lilikuwa langu, nilijipa mwenyewe kazi hiyo tulipoanza."

Nikamsogezea simu yake. Alikuwa ameshafika mwenyewe nilikotaka kumpeleka.

Akachukua simu, akarekodi sauti yake kwenye kundi lile lile, mbele ya wenzake wale wale. Akasema Rahma alikataa kuvuka akamlazimisha, na kwamba michoro ilikuwa dhamana yake yeye. "Aliyetuangusha ni mimi," akamalizia. Wenzake wakajibu. Rahma hakujibu. Asubuhi Twaiba akapanda boti ya Faza bila kujua kama atafunguliwa mlango. Nilimfungia halua. Alinitazama, akaelewa, akaipokea kwa mikono miwili.

Walirudi wote wawili, na nyumba yangu ikajaa kicheko kile kikubwa tena. Rahma alichora upya usiku na mchana, sura moja baada ya nyingine. Mombasa walikwenda na askari wachache kuliko walivyokusudia. Wakaambiwa watajibiwa, na mpaka leo ninapokusimulia bado hawajajibiwa, kwa hiyo waombee.

Lakini gemu nimelicheza mimi mwenyewe, na vidole hivi vyenye baridi yabisi. Kamanda si jitu tena. Sasa ni mwanamke mfupi. Anaanza na kifua kilichojaa nishani, na kila askari wake anapokosea, mchezaji anaulizwa: utamtaja mbele ya merikebu zote, au utavua nishani moja? Nilivua. Nikavua tena. Wale askari wanakosea sana, nilikaribia kuwatukana. Nilipofika kwenye nyota mpya, kamanda wangu hakuwa na kitu kifuani isipokuwa matundu madogo ya pini, nami nikadhani nimeshindwa.

"Mgeuze, Bibi," Rahma akaniambia. "Tazama nyuma yake."

Nikamgeuza. Walikuwepo wote, kila mmoja na sura yake, na wa kwanza kabisa alikuwa msichana ameshika buli.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana ndilo nililokuitia. Ipo siku utapewa watu. Huenda wakawa wawili tu, wa kufungua duka au wa kupika harusini. Siku hiyo jua kwamba umepewa na makosa yao pia. Kosa likitokea, usikimbilie jina la mtu. Tafuta kwanza sehemu yako ndani yake, kwa sababu karibu kila mara ipo, uiseme kwa sauti ile ile ambayo ungemtajia mwenzako. Sikwambii udanganye. Bi Mwanaesha hakudanganya, wimbo ulikuwa mkononi mwake. Aliyekosea mkanye faraghani ukimtazama usoni, kisha mrudishie kazi yake. Na kama ulishamtaja mtu mbele ya watu, mrudishie heshima yake mbele ya watu hao hao, kisha panda boti umfuate.

Mola akujaalie moyo wa kuvua nishani zako bila kuzisikitikia. Akupe watu wa kukufuata bila kuamriwa. Na siku utakapobeba sinia nzito peke yako njiani, akuletee mmoja wa kukimbia kutoka nyuma akushikie buli. Amin, mwanangu. Amin.