Vikombe vya Kwenda Mombasa

Kazi yangu ni kubuni maboksi ya kusafirishia vitu. Watu wa mtaa wetu wa Makadara, huku bara, hucheka wakisikia, kana kwamba boksi hujibuni lenyewe. Basi mama mmoja mtu mzima wa Majengo, mtaa wa jirani, aliyekuwa akimwoza bintiye Mombasa, aliponiletea vikombe kumi na viwili vya kaure alivyoachiwa na mamake, kichwa kilinivimba. Jumamosi wakwe wangenywea kahawa humo.

"Mwanangu, kikombe chenye ufa hapewi mkwe," akaniambia. "Kimoja kikivunjika, nitasemwa mpaka kaburini."

Nikakata katoni, nikachonga vijumba vya sponji, kila kikombe na chake. Kwanza nikajaribu na glasi zangu mwenyewe, nikaliangusha boksi kutoka ghorofa ya tatu. Haikuvunjika hata moja! Nikapanga vikombe, na kila upande nikaandika kwa wino mwekundu: VYOMBO, SHIKA POLEPOLE.

Tukalipeleka ofisi ya basi. Loo! Kuli alisoma maandishi yangu kwa sauti, vizuri kabisa, kisha akalikalia boksi na kuendelea kula muhogo. Nilipandwa na mori.

"Wewe, huoni imeandikwa nini?"

"Naona, buda. Si nimekalia polepole?"

Mama hakugombana naye. Alikuwa akimtazama kuli mwingine aliyebeba tenga la kuku, amelikumbatia kama mtoto mchanga, analipeleka mbele karibu na dereva.

"Lile mbona hamlitupi?"

"Kuku akifia kwenye buti kule nyuma, mama, sisi ndio tunaulizwa."

Tukarudi na boksi letu. Mama akapitia soko la Burma, akanunua kuku mtetea na tenga, akaniamuru nipange vikombe chini na sponji zake, nifunike kwa ubao, nitandike nyasi, kisha kuku juu. Nilikataa. Fundi mzima, kazi yangu ikaliwe na kuku?

"Ya Rabi, mtoto huyu ana kiburi!"

Nikapanga, lakini roho iliniuma, sitadanganya. Kwenye basi, makuli walilipokea tenga kwa mikono miwili, wakamtilia kuku na maji.

Ijumaa binti akapiga simu. Mama akaweka spika. Vikombe vyote kumi na viwili vimefika salama, hakuna hata kimoja kilichokwaruzika. Mama akapiga kigelegele, akalia, akanikumbatia. Nami nikakohoa kidogo, nianze kueleza habari ya sponji.

"Ila mama," binti akasema, "hebu muulize fundi wako. Hili yai hapa kwenye nyasi, zima bila ufa, alilifunga kwa kitu gani?"