Safari Hii Watatoa Kibiriti

Mume wangu anatengeneza meno. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari zake za treni hudhani ni mtu asiye na shughuli. Shughuli anayo. Daktari anamletea kipimo cha kinywa cha mtu ambaye hajawahi kumwona, naye anarudisha meno ya juu na ya chini ambayo hata mke wa mtu huyo akiyaona hashtuki. Mimi nakaa mbele, napokea simu, nafunga vifurushi na kuwatuliza wanaolalamika kwamba meno yanabana. Yeye yuko nyuma, plasta imemjaa mpaka kwenye nyusi, mataya ya watu yamepangwa kwenye rafu ya juu, kila moja na kibandiko chake. Rafu ya chini ni ya reli.

Reli yenyewe ni fupi. Inaanzia dirishani, inapita nyuma ya mota ya kusagia, inaishia karibu na birika. Juu yake hutembea vichwa vya treni vya umeme, vidogo, kila kimoja kinaenea kiganjani. Tulipokuwa bado wachumba aliniambia, macho yanamng'aa, "Mwaka huu nataka kichwa kipya." Nikamjibu, "Itakuwa vizuri, maana hicho ulichonacho hakisikii." Alicheka sana. Nikadhani ni ugonjwa mdogo utakaopona tukishaoana. Kumbe nilikuwa naolewa na reli.

Wako watatu: yeye, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila Jumapili mchana wanakutana hapa nyuma kupiga domo. Mwalimu hujenga mwenyewe kwa bati na gundi, na kichwa kimoja humtesa kwa miaka. Kinyozi na mume wangu ni watu wa kile wanachokiita toa-weka: unakitoa kwenye boksi, unakiweka kwenye reli, kinaondoka. Kwa hiyo maisha yao ni kusubiri kampuni moja ya huko mbali inayoviunda iseme mwaka huu itatoa nini. Wakisubiri, wanakisia. Kinyozi ndiye bingwa wa uvumi, na huutia chumvi bila haya. Daima yuko mteja wake ambaye shemeji yake anajuana na mtu wa dukani ambaye naye amesikia. Halafu tangazo linatoka, na ni kile kile kichwa kirefu cha treni ya mwendo kasi, sasa wamekipaka buluu. Mara iliyopita kilikuwa kijani. Wanakaa kama wamefiwa, mpaka mmoja anasema, "Basi, mwakani." Na mwakani wanaanza upya: "Safari hii watatoa Kibiriti. Safari hii lazima."

Kibiriti kilikuwa kichwa cha dizeli cha kupanga mabehewa yadini. Kidogo, cha mraba, chekundu, hakijawahi kuvuta abiria hata mmoja. Vichwa vya aina hiyo viliuzwa nchi nyingi, na nadhani kila mahali vilipewa majina ya kuvidharau. Hiki cha kwetu kilikuwa cha mama mkwe wangu. Si kwamba alikiendesha. Alikiosha. Alifanya kazi karakana ya reli tangu usichana mpaka walipomstaafisha, yeye na ndoo yake na matambara yake, na kati ya vichwa vyote alivyokabidhiwa, hicho ndicho kilichokaa moyoni. Madereva walimtania, "Mama, hiki kinakwenda kusukuma makaa, hakiendi harusini." Naye huwajibu, "Kwangu kinatoka kimeoga. Huko kinakokwenda ni shauri yenu." Mume wangu anasema alipokuwa akimsubiri getini jioni, kabla hajamwona mama yake aliuona kwanza wekundu wa Kibiriti ukimetameta nyuma ya uzio, ndipo roho yake ikatulia.

Siku hizi Mama anaishi nasi. Karakana ilivunjwa, pamekuwa maegesho ya magari. Kibiriti kilikatwakatwa kikauzwa chuma chakavu. Picha iko moja tu, ya sherehe ya wakubwa. Wamejipanga na suti zao, na nyuma ya bega la mmoja wao kinaonekana kipande cha ngazi. Mama huweka kidole hapo na kumwambia mgeni, "Hiki hapa." Mgeni husema "Ahaa" kwa adabu, huku akimtazama yule mwenye suti.

Mwaka mmoja, tangazo lilipotoka na kichwa kile kile kirefu, uvumilivu ulinishinda. "Wewe unachonga jino moja likafanana na jirani yake," nikamwambia. "Utashindwaje kujenga kisanduku chekundu chenye magurudumu? Jenga, tupumzike."

Alipuliza vumbi kwenye taya alilokuwa akilisugua. "Nikikijenga mimi, kitakuwa kitu cha kuchezea nilichomtengenezea mama yangu," akasema. "Wakikitoa wao, na boksi lake, na watu wasiotujua wakakinunua, ina maana kilikuwepo. Ina maana Mama alikuwa akifanya kazi yenye thamani." Kisha akaongeza, polepole, "Na nataka akishike. Umeiona mikono yake."

Niliiona. Baridi yabisi ilikuwa inavikunja vidole vya Mama kimoja baada ya kingine. Kikombe alishaanza kukishika kwa viganja viwili. Tangu siku hiyo sikumcheka tena mume wangu, au nilimcheka kidogo. Nikaanza mimi mwenyewe kumwuliza kinyozi, nikimpelekea watoto kunyolewa, "Vipi, hakuna jipya?" Nilikuwa nataka kile kichwa kama ninavyotaka mgonjwa wangu apone.

Ndipo ikaja picha ya kivuli. Kampuni ilitoa picha ya ukuta mweupe na kivuli cha kitu juu yake, basi, bila neno. Hiyo ndiyo tabia yao, kuwarusha roho watu wazima. Jumapili ile walikigombania kivuli kama ndugu wanaogombania shamba. Kinyozi aliapa ni Kibiriti, tena mteja wake alishasema. Mwalimu alitoa rula, akaibandika kwenye kioo cha simu, akapima urefu kwa kimo, akasema huenda ni behewa la breki tu. Mume wangu alikuwa ameweka ile picha ya wakubwa kando ya simu, anatazama ngazi, anatazama kivuli, anatazama ngazi.

Mama akapita na fimbo yake, akachungulia. "Hicho ni Kibiriti," akasema.

"Umejuaje, Mama?" Mwalimu akauliza.

"Wewe ukimwona mwanao kwa nyuma humjui?" Akaenda zake.

Siku tangazo lilipotoka nilikuwa mbele na mteja anayejaribu meno mapya kwenye kioo. Nikasikia ukelele kule nyuma, kisha kitu kikaanguka. Mteja alifumba mdomo kwa hofu, na namshukuru Mungu meno yalikuwa yamekaa sawa. Nilikimbia, nikamkuta mume wangu ameketi sakafuni katikati ya unga wa plasta, simu mkononi, machozi yanamtiririka. "Wamekitoa," alisema. "Mke wangu, wamekitoa." Mimi pia nililia, sijui kwa nini, kwa kitu ambacho ningeweza kukifunika na kikombe.

Kilikuwa kinatolewa kwa namna mbili. Maelezo yalikuwa kwa lugha yao, na Mwalimu ndiye aliyetufasiria: kipo kisafi, kama kilivyotoka kiwandani, na kipo cha kazini. Cha kazini kilikuwa na bei ya juu zaidi. Mume wangu na wenzake hawakubishana hata kidogo, na hilo pekee lilipaswa kunishtua. "Kisafi ni cha watoto," kinyozi alisema. Mwalimu akaunga mkono: "Chukua cha kazini. Cha kazini ndicho cha kweli."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia maneno hayo ya mwisho. "Cha kazini," alirudia, na uso wake wote ukafunguka. "Ee, mwanangu, hicho hicho. Usichukue kingine." Na akaanza kutueleza, kwa mara ya ngapi sijui, jinsi kilivyokuwa kikiondoka asubuhi kwenda kazini, milango inateleza, namba inasomeka kutoka upande wa pili wa yadi.

Tukaagiza. Kisha tukasubiri, maana toa-weka haina haraka na mtu. Kwanza ilitoka picha ya kichwa kitupu kisicho na rangi. Halafu kukawa na kasoro kwenye magurudumu, wakarekebisha. Halafu meli. Mama kila akiamka aliuliza, "Kimefika wapi?" kama anauliza mtu aliye safarini, na mume wangu humjibu bila kucheka, "Kiko njiani, Mama." Vidole havikusubiri. Ikafika mahali nikawa namfungia vifungo, na yeye anatazama pembeni ili tusitazamane. Mume wangu akiona hivyo huinuka kwenda nyuma na kuwasha mota, hata kama hakuna jino la kusaga.

Kilifika mchana wa siku ya kazi. Mume wangu alifunga duka. Tulimkalisha Mama kwenye kiti chake karibu na rafu, mume wangu akakata mkanda wa boksi kwa kisu chake cha kuchongea nta, akaondoa karatasi, akakiweka kwenye viganja viwili vya Mama.

Nilikiona kabla yake, nikajua. Sijui treni, lakini nimemjua Mama miaka mingi.

Kilikuwa kizuri ajabu. Ngazi zipo, vishikio vyembamba kama sindano, hata skrubu za mlango. Na chote, kutoka paa mpaka magurudumu, kilikuwa kichafu. Masizi mgongoni, michirizi ya kutu chini ya madirisha, oili nyeusi imetapakaa ubavuni, namba imefifia. Kumbe hicho ndicho walichokuwa wakikiita cha kazini. Kinyozi alijua, Mwalimu alijua, mume wangu alijua, na wote watatu waliona ndio uzuri wake. Haikumwingia hata mmoja akilini ni nani angekishika.

Mama alikigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. "Nani alikiacha hivi?" akauliza. Halafu, kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa wapi?"

Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mlango. Akasugua tena. "Haitoki."

"Ni rangi, Mama," mume wangu alisema. "Wameipaka."

"Wamepaka uchafu?"

"Ndiyo, Mama."

"Makusudi?"

"Ili kionekane cha kweli."

Ningependa kusema alikasirika. Mama akikasirika nyumba yote tunacheka baadaye. Hakukasirika. Alikitazama tu, na midomo yake ikawa inatafuta neno. "Kwa hiyo ndivyo kilivyokuwa kikionekana," akasema. "Na mimi miaka yote ile nilidhani watu wanaona kimeoga."

Mume wangu alipiga simu kwa kampuni, akaandika, akahangaika. Visafi vilikuwa vimeisha na hawakujua kama watatoa vingine. Aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilitaka kumpiga na boksi.

Mama akasema, "Una dawa gani ya kusafisha hapo?"

"Mama, dawa zangu zinakula. Uchafu ukitoka, na wekundu unatoka. Na namba pia."

"Nimekuuliza una dawa gani."

Alileta chupa. Alileta brashi laini anayong'arishia meno, akafunga kitambaa kwenye mpini ili uwe mnene, upate kukaa kwenye vidole visivyokunjuka. Mama aliinama juu ya rafu akaanza na magurudumu. "Huanzi juu," alimwambia. "Juu kila mtu anatazama, hata mvivu atasafisha. Unaanza huku." Masizi yalilegea, yakatoka, na chini yake rangi nyekundu ikaanza kutoka nayo, kwanza kama vumbi, halafu vibanzi. Ubavuni pakabaki plastiki ya kijivu. Namba ikaondoka tarakimu moja moja. Mama aliona, si kipofu, na hakuacha.

Kinyozi na Mwalimu walikuwa wamefika, wamesimama mlangoni na kofia zao mikononi. Kichwa kilikuwa chepesi, kinateleza kila brashi ilipopita, na mikono ya Mama haikuweza kukizuia. Mume wangu akapiga magoti kando yake, akakishika kwa ncha za vidole, mbele na nyuma, akamwinamishia pale Mama alipotaka kufika.